Mraba uliofunga upande mmoja

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa roboti alikuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo, wiki 10 za likizo ndefu. Wiki ya tatu alileta matokeo ambayo sikuyategemea kutoka kwa mgeni. Wiki ya nne roboti ileile, ikiendeshwa na programu ileile aliyoirekebisha yeye, ikagonga mguu wa meza. Kati ya siku hizo mbili hakuna aliyeigusa programu. Kisa chenyewe ni kidogo, hakuna aliyeumia na meza bado ipo, lakini nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko visa vikubwa. Msomaji ajue mapema kwamba mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake, na mkono wangu umo.

Alichokuja nacho

Tulimchukua kwa sababu ya vitu alivyovitengeneza nyumbani. Alama za darasani zilikuwa za kawaida tu. Maombi yake yalikuja na picha za miradi 3. Wa kwanza ni roboti ya magurudumu mawili inayojisimamisha, ambayo karibu kila mchokonozi wa roboti huipitia: sensa ya MPU-6050 inasoma mwinamo, bodi ya Arduino Uno inakokotoa, mota zinakimbilia upande roboti inakoangukia. Wa pili ni mkono uliochapishwa kwa printa ya 3D, wenye servo 4 ndogo za SG90, yaani mota zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa. Mkono huo ulitetemeka kama mwenye homa kwa miezi miwili, mpaka alipogundua kwamba servo zote zilikuwa zinanyonya umeme kupitia waya wa USB. Mlango wa kawaida wa USB 2.0 hutoa miliampea 500, na servo moja ya namna hiyo ikikwama inaweza kuzimaliza zote peke yake.

Mradi wa tatu ndio unaotuhusu. Ni kasa: roboti ndogo ya kuchora, inayoenea kwenye viganja viwili, yenye kalamu katikati ya magurudumu yake. Ukimwambia aende mbele milimita 200 kisha ageuke kushoto digrii 90, na ukalirudia hilo mara nne, anachora mraba. Wazo ni la zamani. Kasa wa namna hii walitambaa sakafuni mbele ya watoto waliokuwa wakijifunza Logo, lugha ya kompyuta iliyoanza mwaka 1967 kwa kazi ya Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Kasa wa mwanafunzi wetu aliendeshwa na mota mbili za hatua, 28BYJ-48, zile za volti 5 ambazo kila mwanafunzi anazo kwenye droo.

Alinisimulia siku ya kwanza jinsi alivyomfundisha kasa huyo kufunga mraba. Mara ya kwanza kalamu ilipomaliza upande wa nne haikurudi pale ilipoanzia. Likabaki pengo la milimita 4 hivi, na upande wa mwisho ukakaa upogo. Akafungua programu, akaitafuta namba ya upana kati ya magurudumu, ambayo ilikuwa milimita 110, akaipunguza kwa nusu milimita. Mraba ukafunga. Aliyasimulia haya kwa furaha, nami nikacheka naye, kwa sababu hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi ujanani.

Kazi aliyopewa

Roboti tuliyomkabidhi ilikuwa ya kubebea mizigo, uzito wake kilo 90. Ina magurudumu mawili ya kusukuma, moja kila upande, yenye kipenyo cha milimita 150 na ngozi ya poliurethani, yakiwa yameachana kwa milimita 500. Kila gurudumu lina enkoda inayotoa hesabu 4,096 kwa mzunguko mmoja. Kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, roboti hukisia iko wapi na imeelekea wapi. Hiyo ndiyo odometria. Nahodha asiyeona nchi kavu hufanya kazi hiyohiyo: anajua kasi, anajua muda, anajua uelekeo, basi anaweka alama kwenye ramani na kuomba Mungu. Roboti ikiwa kazini, laida, sensa inayopima umbali kwa miale ya leza, ndiyo nchi kavu yake. Inaona kuta na nguzo na kujisahihisha. Lakini kwenye korido ndefu isiyo na kitu cha kushika jicho, laida haina la kusema, na roboti hubaki na magurudumu yake tu.

Karatasi ya kazi niliiandika mimi. Ilisema hivi: laida ikiwa imezimwa, roboti izunguke mraba wa mita 4 kwa mita 4 na irudi ndani ya sentimita 2 ya ilipoanzia. Wakati huo ilikuwa inakosea kwa sentimita 12. Naomba msomaji aisome sentensi hiyo ya karatasi tena, maana kosa la kwanza la kisa hiki limo ndani yake.

Siku 4 za mwanzo zilipotelea kwenye PID, kidhibiti kinachoamua mota isukumwe kiasi gani kulingana na kosa linaloonekana. Roboti yake inayojisimamisha ilitulizwa kwa kuchezea namba 3 za kidhibiti hicho, kwa hiyo akaamini kwamba na hii itatulizwa vilevile. Nilimwacha. Tatizo ni kwamba kidhibiti hakikuwa na kosa lolote: kila gurudumu lilizunguka mara zilezile lilizoamriwa, na grafu za kasi zilifuatana kama nyuzi mbili za shati. Enkoda huhesabu mizunguko na haijui mita. Gurudumu likiwa dogo kuliko linavyodhaniwa, kidhibiti kitalizungusha kwa utii kamili, na roboti itafika mahali pasipo.

Alipoona hivyo, akageukia dawa aliyoijua kwa kasa. Akapunguza upana kati ya magurudumu ndani ya programu, kidogo kidogo, akizungusha roboti kila mara na kuweka alama ya chaki sakafuni. Kwenye milimita 496.6 mraba ukafunga. Akarudia mara 3, zote ndani ya sentimita 2. Akaniletea grafu, nikaiangalia, nikasaini.

Mguu wa meza

Mwenzetu mmoja aliichukua roboti ile wiki iliyofuata kupima matumizi ya betri. Upande wa kushoto wa ukumbi ulikuwa umetandazwa nyaya, hivyo akaigeuza njia: mraba uleule, lakini kulia badala ya kushoto. Akairuhusu izunguke mara 3. Ilipofika kona ya mwisho ilikuwa imehama karibu sentimita 70 kutoka kwenye mstari wake, na kona ya fremu ikapiga mguu wa meza. Kitufe chekundu kikabonyezwa.

Ukumbini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwanafunzi alisema magurudumu yameteleza. Mwenzetu alisema sakafu ina vumbi. Mimi nilidhani kuna mtu amebadilisha programu, tukapekua kumbukumbu za mabadiliko, tukakuta hakuna hata herufi moja mpya. Kesho yake asubuhi mwanafunzi akaizungusha mwenyewe: kushoto, kosa sentimita 1, kulia, kosa sentimita 24. Akaziandika namba hizo daftarini chini ya ile 12 ya siku ya kwanza. Tukazitazama wawili, 12, 1 na 24, kama watu wanaosoma barua ya lugha wasiyoijua. Kwamba 24 ni mara mbili ya 12 hakuna aliyeliona, na mimi nina miaka mingi katika kazi hii.

Karatasi mbili

Jioni hiyo alienda nyumbani akamtoa kasa kabatini. Swali lake lilikuwa la moja kwa moja: je, hata kasa anakosea akizunguka kulia? Hakuwahi kumjaribu. Programu ya kasa haikuwa hata na amri ya kugeuka kulia, kwa sababu mraba mmoja hauhitaji. Isitoshe, katika uhandisi wa roboti pembe chanya ni ya kushoto, kwa hiyo mifano mingi na mazoea mengi huegemea huko. Akaiandika amri ya kulia, akachora. Mraba wa kushoto ulifunga, na wa kulia nao ukafunga.

Aliniambia kwamba jibu hilo lilimkera kuliko kama kasa angekosea. Dawa ileile, kwenye mashine mbili zenye umbo moja. Moja imepona pande zote mbili, nyingine imepona upande mmoja na kuzidiwa upande wa pili. Basi ugonjwa haukuwa mmoja. Ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililolipa wiki zote 10. Alichukua tepu ya umeme akaizungushia gurudumu la kulia la kasa, tabaka moja tu. Kwa kusudi, alimharibu.

Asubuhi aliniwekea mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na miraba miwili iliyochorwa baada ya tepu lakini kabla ya kurekebisha chochote: wa kushoto na wa kulia, yote ilikuwa wazi kwa milimita 5 hivi. Ya pili ilichorwa baada ya kuupunguza tena upana mpaka mraba wa kushoto ufunge. Wa kushoto ulifunga barabara. Ungedhani umechorwa kwa rula. Wa kulia ulikuwa wazi kama lango lisilo na komeo, milimita 10. Kidole chake kikaenda kutoka 5 hadi 10, kisha kwenye daftari, kutoka 12 hadi 24. Hakusema neno.

Tulikwenda moja kwa moja kwa fundi anayetunza magurudumu. Mwanafunzi akamuuliza kama kuna gurudumu lililobadilishwa. "Hilo la kulia nililibadilisha mimi kabla hujafika, mwanangu," alisema. "La kushoto lilikuwa bado zima, nikaliacha." Lilikuwa zima kweli, ila lilikuwa limelika. Mtu huyu alikuwa hatua 15 kutoka meza yetu kwa wiki 4, na hakuna aliyemuuliza.

Hesabu yenyewe

Kupima kipenyo kwa kalipa hakutoshi, maana poliurethani hubonyea chini ya uzito, na kinachotuhusu ni gurudumu lilivyo likiwa limebeba kilo zake. Mwanafunzi alifunga reli ya alumini iliyonyooka sakafuni, akaisukuma roboti kwa mkono ikifuata reli kwa mita 10 kamili, akasoma enkoda zote mbili. Gurudumu la kulia lilihesabu 86,920. La kushoto lilihesabu 116 zaidi. Alirudia kwenda na kurudi, tofauti ikabaki palepale, hesabu chache juu au chini. Gurudumu linalozunguka zaidi kwa safari ileile ndilo dogo. Ukikokotoa, la kushoto lilikuwa limepungukiwa na milimita 0.2 za kipenyo. Pandanisha karatasi mbili za kawaida za kuandikia, unene wake ndio huo.

Sasa ione roboti hiyo ikienda mita 4 ikidhani inanyooka. Upande wake wa kushoto unasafiri milimita 5.3 pungufu ya upande wa kulia. Kwa magurudumu yaliyoachana milimita 500, hilo ni kupinda kushoto kwa digrii 0.6, nayo haijui. Ikiwa inazunguka kushoto, kila upande wa mraba pamoja na kona yake unatoa digrii 90.6 badala ya 90. Baada ya pande nne imegeuka 362.4, na imekosa ilipoanzia kwa sentimita 12. Ikizunguka kulia, kona inageuza 90 lakini njia ndefu inarudisha 0.6 nyuma, zinabaki 89.4. Baada ya pande nne ni 357.6. Na hapo pia imekosa kwa sentimita 12.

Angalia alichofanya mwanafunzi. Kupunguza upana kwenye programu kunazifanya kona zote, za kushoto na za kulia, zigeuke pungufu. Kwa 496.6 kila kona ikawa digrii 89.4. Kushoto: 89.4 jumlisha 0.6 za kupinda njiani, ni 90 kamili, mraba unafunga. Haukuwa hata mraba halisi, maana pande zake zilikuwa zimejipinda kidogo, ila zilijipinda sawasawa na ncha zikakutana. Kulia: 89.4 toa 0.6, ni 88.8. Baada ya pande nne pungufu ni karibu digrii 5, na kosa ni sentimita 24. Hakuliondoa kosa, alilihamisha lote likalala upande ambao haukuangaliwa. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu akapita kweli, wiki nzima, mpaka nyaya zilipotandazwa.

Tena namba ile 496.6 ilikuwa na ukweli wa mraba wa mita 4 peke yake. Mraba wa mita 8 ungeipinda roboti mara mbili zaidi kila upande huku kona zikipunguziwa kiasi kilekile, na hata kuzunguka kushoto kusingefunga.

Kwa nini kasa alipona

Hapa ndipo nilipojifunza kitu mimi mwenyewe. Mota ya 28BYJ-48 hutumiwa na wengi kana kwamba mzunguko mmoja wa mhimili wake ni hatua 2,048, kwa sababu gia zake husemwa kuwa 64 kwa 1. Katika nyingi ya mota hizo uwiano halisi ukihesabiwa jino kwa jino ni 63.684, na mzunguko mmoja ni hatua 2,038 kasoro kidogo. Mwanafunzi alikuwa ameandika 2,048. Kwa hiyo magurudumu yote mawili ya kasa yalikuwa yanazunguka zaidi ya alivyodhani, kwa nusu asilimia, na yote kwa kiasi kimoja. Kasa hakupinda njiani hata kidogo. Alichokosea ni kuzidisha kila kona kwa digrii 0.4 na ushei, kushoto au kulia.

Kosa la namna hiyo hupungua ukipunguza upana, pande zote mbili. Lilibaki deni dogo: pande za mraba zilikuwa ndefu kwa milimita 1 katika 200, na nani atapima? Kwa hiyo nyumbani alitibu pasipo na ugonjwa, mgonjwa akapona. Hakuna mwalimu mbaya kama dawa isiyo sahihi inayoponya. Wapo wenzetu waliosema baada ya tukio la meza kwamba miradi ya nyumbani huwaharibu vijana, kwamba huwazoesha kupapasa. Sikubaliani nao. Kupapasa hata sisi tunapapasa, tofauti ni kwamba sisi tunaita urekebishaji wa vigezo. Alichokuwa nacho mwanafunzi huyu, ambacho sisi hatukuwa nacho, ni mashine anayoweza kuiharibu bila kuomba ruhusa. Nani angemruhusu azungushe tepu kwenye gurudumu la roboti ya kilo 90 ili aone itapotea vipi? Mimi nisingemruhusu. Kasa alikubali kuharibiwa, na kwa kuharibiwa akatuonyesha.

Tulichopaswa kujua

Mwaka 1994 Johann Borenstein na Liqiang Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ripoti ya njia ya kupima makosa haya, wakaiita UMBmark, na makala yake ikafuata mwaka 1996. Utaratibu wake ni huu: mraba wa mita 4 kwa mita 4, mara 5 kisaa na mara 5 kinyume cha saa, kisha unachora kila mahali roboti ilipoishia. Utapata mafungu mawili ya nukta. Unachukua kitovu cha kila fungu, na kile kilicho mbali zaidi na mwanzo ndicho kipimo cha kosa lako. Mara 5 kwa sababu sakafu, vumbi na kuteleza hutawanya nukta, na nukta moja nzuri yaweza kuwa bahati. Pande mbili kwa sababu, kama walivyoeleza wenyewe, mraba wa upande mmoja unaweza kufunga ilhali makosa mawili yanafichana: la upana na la vipenyo visivyolingana.

Wao hutenganisha aina A, ambapo roboti huzidisha au hupunguza mgeuko bila kujali upande, na aina B, ambapo inazidisha upande mmoja na kupunguza upande wa pili. Kasa alikuwa aina A, roboti yetu aina B. Na hapa pana mtego kidogo: siku ya kwanza kabisa, kama tungepima pande zote mbili kwa futi peke yake, tungepata 12 na 12, na tusingejua ni aina gani. Ilibidi kuandika pia kama roboti imezidisha mgeuko au imepunguza, yaani 362.4 upande huu na 357.6 upande ule.

Makala hiyo niliisoma chuoni. Niliifaulia mtihani. Halafu nikaandika karatasi ya kazi inayosema "mraba" bila kusema upande, na idadi ya mizunguko sikuitaja. Mwanafunzi alifaulu mtihani nilioutunga vibaya, tena akaufaulu kwa njia ya mkato kabisa, jambo ambalo wanafunzi werevu hufanya tangu shule ya msingi. Nilipoandika taarifa ya ndani ya tukio, jina lililokaa kwenye sehemu ya chanzo lilikuwa langu, na sijutii.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukuwasha gairoskopu tu, sensa inayohisi mgeuko, ikasahihisha uelekeo. Roboti ile inayo, na ikiwa kazini huchanganywa na enkoda. Ingelificha kosa hili vizuri sana. Lakini gairoskopu ndogo za namna hiyo huhama polepole, hasa joto likibadilika, na kichujio kinachozichanganya na enkoda kinahitaji kujua enkoda zinaaminika kiasi gani. Ukikilisha gurudumu linalodanganya kwa utaratibu, upande uleule kila siku, kitalichukulia kama kelele za kawaida, yaani makosa ya kubahatisha, kumbe ni uongo wenye mwelekeo. Mimi ningependa kuujua uongo huo kwanza.

Yaliyofuata

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika 10. Upana ukarudishwa 500. Kidhibiti tunachotumia, diff_drive_controller cha ROS 2 (mkusanyiko wa programu huria za roboti), kina kizidishi cha nusu kipenyo kwa kila gurudumu peke yake. Vilikuwapo muda wote, vyote vikiwa 1. Cha kushoto kikawa 0.9987. Mara 5 kushoto, mara 5 kulia, vitovu vya mafungu yote mawili vikaangukia ndani ya sentimita 2. Mwanafunzi akambandua tepu kasa, akabadilisha 2,048 kuwa 2,038, akairudisha 110 ya mwanzo. Miraba ikafunga, na safari hii pande zilikuwa milimita 200 kweli.

Wiki ya 8 fundi akapata gurudumu jipya la kushoto, akalifunga. Sasa 0.9987 ikawa uongo. Walirudi wote wawili kwenye reli ya alumini, fundi akisukuma na mwanafunzi akisoma. Tulitegemea tofauti itoweke, ikabaki hesabu 35 kwa mita 10, kushoto bado pungufu, kama milimita 0.06 za kipenyo. Magurudumu mapya mawili, ya kiwanda kimoja. Fundi ndiye aliyeinama akaangalia chini ya sahani ya juu na kusema, "Betri hii yote imekaa kushoto." Wakaihamishia kulia kwa ajili ya jaribio, na tofauti ikageuka: sasa la kulia ndilo lililohesabu zaidi. Betri ikarudishwa mahali pake, kwa sababu nyaya zake hazifiki upande wa pili bila kurefushwa, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Siku yake ya mwisho alikabidhi faili la vigezo. Kizidishi cha kushoto kilikuwa 0.9996, na juu yake aliandika maelezo ya mistari miwili: kimepimwa betri ikiwa kushoto, bila mzigo, mita 10, kwenda na kurudi, ukihamisha betri au ukibadilisha gurudumu lolote, pima upya pande zote mbili, na muulize fundi kwanza.

Karatasi zake mbili za kasa nilimwomba aniachie. Aliniachia ya pili, yenye lango. Ya kwanza alisema bado anaihitaji.